Sebule ya mita 5 kwa 4.2, Moshono Arusha: dirisha kubwa likae upande wa mlima au wa barabara?

KoziYaNne

Wakuu habari za kazi. Naomba ushauri kabla fundi hajarudi saiti Jumatatu, kwa sababu baada ya hapo kila badiliko litakuwa la kubomoa.

Nyumba iko Moshono, vyumba vitatu, haina ghorofa. Jamvi (zege la sakafu) limeshamwagwa, tofali ni bloku za inchi 6, na kuta zimefika kozi ya nne, yaani mstari wa nne wa tofali, pale madirisha yanapoanzia. Sebule kwa ndani ni mita 5 kutoka mashariki kwenda magharibi, na mita 4.2 kutoka kusini kwenda kaskazini. Ukuta wa kaskazini unatazama bustani na Mlima Meru. Kutoka ukuta huo hadi mpaka wa kiwanja ni mita 6, na jirani wa upande huo hajaanza kujenga. Magharibi ni barabara, na mlango mkubwa uko kwenye ukuta huo, kona ya kusini. Mashariki sebule imepakana na chumba cha kulala, na korido ya vyumba inaanzia kona ya kusini-mashariki. Paa ni la bati, mwinuko nyuzi 25, upenu sentimita 60.

Ramani inaonyesha dirisha la mita 2.4 magharibi na la mita 1.2 kaskazini. Fundi anasisitiza libaki hivyo ili nyumba ionekane ukipita barabarani. Mimi moyo wangu uko kaskazini, nikikaa nione mlima. Nataka kujua lipi ni sahihi, silingi iwe na urefu gani, kama inafaa kuweka meko ya kuotea moto kwa baridi ya Juni na Julai, na TV ikae wapi. Sina haraka ya urembo, nataka kwanza vile visivyobadilika viwe sawa.

Msanifu_Njiro

Dada, umeuliza wakati mzuri. Kozi ya nne bado ni bei ya saruji na bloku chache.

Hamishia dirisha kubwa kaskazini, lakini sababu yangu ya kwanza ni jua. Arusha iko takriban nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini wa nyumba yako, na Juni ndipo linapokuwa kaskazini zaidi. Saa ya jua kuwa juu kabisa mwezi huo linasimama nyuzi 63 hivi kutoka usawa wa ardhi. Oktoba hadi Machi linahamia kusini, kwa hiyo Januari na Februari, miezi ya joto, ukuta wa kaskazini haupati jua la moja kwa moja hata kidogo. Ukuta huo unakupa joto wakati wa baridi na kivuli wakati wa joto bila kununua kitu chochote. Hakuna ukuta mwingine wa nyumba yako unaofanya hivyo.

Sasa tazama magharibi. Saa kumi na moja jioni jua liko nyuzi 20 tu juu ya ardhi. Upenu wa sentimita 60 unafunika sentimita 22 za ukuta na basi, sehemu nyingine yote ya kioo inapigwa. Hakuna upenu wa kawaida unaoweza kuzuia jua la magharibi, ndiyo maana sebule nyingi zenye dirisha kubwa barabarani huishi zimefungwa pazia kuanzia saa tisa. Halafu usiku barabara nzima inaona mpo wangapi na TV yenu ni inchi ngapi, pazia linafungwa tena. Dirisha la kuonekana ambalo halifunguliwi halionekani.

Nisingeufunga ukuta wa magharibi wote, hata hivyo. Julai asubuhi mawingu hukaa hadi saa tano au sita, na jua la jioni ndilo linalobaki la kuotea. Weka dirisha moja jembamba, sentimita 60 kwa urefu wote hadi kwenye linta (boriti ya zege juu ya madirisha), karibu na kona ya kaskazini. Hilo linatosha, na pazia lake ni kipande kidogo.

Kuhusu kipimo: chumba chako ni mita 21 za mraba. Kioo cha asilimia 10 ya sakafu ni kiwango cha chini cha mwanga, asilimia 20 ni raha. Dirisha la mita 2.4 kwa urefu wa mita 1.75 linakupa mita 4.2 za mraba, asilimia 20 kamili. Ili upate urefu huo ni lazima ushushe kizingiti cha dirisha.

fundi_wa_linta

Naongezea alipoishia mkuu hapo juu, upande wa kazi yenyewe.

Bloku yako ina kimo cha inchi 9, na pamoja na udongo wa kujengea inakupa sentimita 25 kwa kozi. Kwa hiyo kozi nne ni mita 1 kutoka kwenye jamvi. Ukishapiga sakafu ya kusawazisha na marumaru unapoteza sentimita 5, kizingiti kinabaki sentimita 95. Ondoa kozi ya nne na ya tatu kwenye upana wa mita 2.4, kizingiti kinashuka hadi sentimita 45. Ni bloku kumi au kumi na moja, zikitolewa taratibu kwa patasi nyingi zinatumika tena. Usimruhusu kijana azivunje kwa nyundo kubwa, ataufungua ukuta kwenye viungo hadi chini, na ufa huo utauona kwenye plasta baada ya mwaka.

Linta ikae juu ya kozi ya tisa, yaani mita 2.25 kutoka jamvi, 2.20 baada ya sakafu. Kwa uwazi wa mita 2.4 linta iwe na kina cha sentimita 23, nondo nne za milimita 12, ringi za milimita 8 kila sentimita 15 karibu na ncha na kila sentimita 20 katikati. Ikae juu ya ukuta si chini ya sentimita 25 kila upande. Zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na nondo za chini ziinuliwe kwa vipande vya zege vya sentimita 2.5, siyo kokoto. Kokoto huteleza wakati wa kushindilia, nondo inalala kwenye mbao, na ukivua fomu unaiona nje imekaa wazi. Mwagilia siku saba. Mihimili ya kushikilia isitolewe kabla ya wiki mbili, hata kama fundi kenchi (wa mbao za paa) ameshafika na anasubiri.

Kizingiti chenyewe kiwe na mteremko kwenda nje, kitokeze sentimita 4 nje ya plasta, na chini yake kichongwe mfereji mdogo wa upana wa kidole. Bila mfereji huo maji ya mvua hurudi nyuma kwa chini yakiufuata ukuta, na rangi chini ya dirisha huanza kuchubuka msimu wa kwanza wa masika. Mwambie pia fundi wa aluminiamu asizibe kwa silikoni vile vitundu vya chini ya fremu. Wengi huviziba wakidhani ni kasoro, kumbe ndiyo njia ya maji kutoka.

Na kwa kuwa kioo kinafika sentimita 45 kutoka sakafuni, sehemu ya chini iwe kioo kilichoimarishwa kwa moto (tempered), kile kinachovunjika vipande vidogo butu. Mtoto akikipiga kwa kichwa au kwa gari lake la kuchezea, kioo cha kawaida cha milimita 5 hupasuka kama visu.

Pasua_Moshi

Nisomeke vizuri, nakubaliana na kaskazini. Hapa Moshi, kilele cha Kibo nacho kiko kaskazini ya mji, kwa hiyo hoja ni ile ile. Lakini wanaosoma uzi huu wakiwa Pasua, Majengo au Soweto wasinakili kila kitu. Moshi mjini iko chini sana kuliko Arusha, na tatizo letu ni joto la usiku, siyo baridi. Sisi magharibi hatuweki dirisha kabisa, hata hilo jembamba. Tunaweka bafu, stoo au ukuta mtupu wenye mti wa kivuli.

Jambo la pili ni aina ya dirisha. Dirisha la kuslaidi hufunguka nusu tu, muda wote. Ukiweka mita 4.2 za mraba unapata hewa ya mita 2.1, na ukiweka wavu wa mbu inapungua tena. Huku kwetu heri madirisha ya bawaba, na lazima kuwe na uwazi wa pili ukuta wa mkabala, hata kama ni matundu juu ya mlango. Hewa isipokuwa na pa kutokea haiingii, hata ufungue dirisha la ukubwa gani.

Silingi sisi tunakwenda kozi mbili juu ya linta, yaani mita 2.93 baada ya sakafu, ili joto lipande juu ya vichwa. Nadhani na Moshono ingefaa, chumba kinaonekana kikubwa.

Msanifu_Njiro

Mkuu wa Pasua, kwa Moshi uko sahihi kabisa. Kwa Moshono nitakupinga kwenye silingi, na sababu mbili zinaenda pamoja.

Kwanza joto unalolipata kwa moto au kwa miili ya watu jioni linapanda. Chumba cha mita 2.93 kina hewa nyingi ya kupasha kuliko cha 2.68, na joto linakaa mahali ambapo hakuna mtu. Pili, na hili mafundi wengi hawalipigii hesabu, urefu wa ukuta ndio unaoamua ukingo wa upenu uko wapi. Kozi moja juu ya linta inakupa ukuta wa mita 2.68 baada ya sakafu. Paa la nyuzi 25 likitokeza sentimita 60 linashuka sentimita 28, ukingo unakaa mita 2.40. Jua la Juni la nyuzi 63 likipita kwenye ukingo huo linaacha kivuli cha sentimita 118 kwenda chini. Kwa hiyo jua linaanza kugonga kioo kwenye mita 1.22 na kushuka.

Sasa linganisha. Kizingiti cha sentimita 95 kinakuachia kioo chenye jua cha sentimita 27. Kizingiti cha sentimita 45 kinakuachia sentimita 77, karibu mara tatu. Zile bloku kumi ndizo zinazonunua joto la sebule yako.

Na niseme ukweli kuhusu mlima, dada, kwa sababu hakuna anayeshusha kizingiti ili auone. Kutoka Moshono hadi kilele cha Meru ni kilomita 15 hivi, na kilele kiko kama mita 3,100 juu yako. Hiyo ni nyuzi 12 juu ya usawa wa macho. Mtu aliyekaa kwenye kochi macho yake yako mita 1.1 kutoka sakafuni. Akiwa mita 2.6 kutoka kwenye kioo, mlima wote unapita kwenye kioo kati ya mita 1.1 na mita 1.65. Ni ukanda wa sentimita 55 tu. Chini ya hapo unaona bustani.

KoziYaNne

Ahsanteni sana. Hili la ukanda wa sentimita 55 limenishtua kidogo. Je, jirani akijenga nyumba ya kawaida, bila ghorofa, mlima unabaki?

Msanifu_Njiro

Ukiwa umekaa, kuna hatari kubwa usibaki. Piga hesabu: kutoka machoni hadi ukutani mita 2.6, hadi mpaka mita 6, jirani akiacha mita 3, na mgongo wa paa lake uko katikati ya nyumba, mita 4.5 mbele. Jumla mita 16. Kwenye umbali huo mstari wa kwenda kileleni uko mita 4.5 tu kutoka sakafu yako. Nyumba ya kawaida yenye ukuta wa mita 3 na paa la mita 2 inafika 5. Na ardhi ya Moshono inapanda kuelekea mlimani, kwa hiyo jamvi lake linaweza kuwa juu kuliko lako.

Usikisie. Kabla ya Jumatatu weka kiti juu ya jamvi mahali kochi litakapokaa, nyanyua makalio kwa mto mmoja au ubao hadi macho yawe mita 1.15 kutoka kwenye jamvi, maana sakafu itapanda sentimita 5. Mtu mwingine, kwa ruhusa ya jirani, asimamishe mti wa mita 5 katikati ya kiwanja kile, kisha ausogeze kushoto na kulia. Utaona ni wapi kilele kinazibwa na ni wapi kinapita pembeni. Fanya asubuhi mapema au jioni, mchana mawingu yanakaa mlimani. Kama pembeni mwa kiwanja kuna pengo linaloelekea kileleni, sogeza dirisha lako lielekee pengo hilo, hata kama halitakuwa katikati ya ukuta.

Jua la nyuzi 63, kwa upande mwingine, nyumba isiyo na ghorofa iliyo mita 9 mbele haiwezi kulizuia mchana. Ndiyo maana nilianza nalo. Dirisha la kaskazini lina faida hata jirani akimaliza kujenga kesho.

fundi_wa_linta

Kama ukanda ni mita 1.1 hadi 1.65 basi nyavu na grili zipangwe kwa huo ukanda. Grili nyingi zina flati ya kulala inayopita katikati, na katikati ya dirisha hili ni mita 1.3, juu ya mlima kabisa. Mwambie mchomeleaji flati za kulala ziwe mita 1.0 na mita 1.75, na katikati yake zibaki nondo za kusimama tu, kila sentimita 11. Jicho huzoea fito za kusimama haraka, lakini ile ya kulala haliizoei.

Fremu nayo igawe sehemu tatu: kioo cha kati mita 1.2 kisichofunguka, na pembeni bawaba mbili za sentimita 60. Zikifunguliwa zote unapata hewa ya mita 2.1 za mraba, sawasawa na kuslaidi, lakini hakuna fremu inayokata katikati. Na usiku wa Julai bawaba yenye mpira hufunga kabisa, tofauti na kuslaidi ambayo kwenye brashi zake upepo hupita daima. Kumbuka tu bawaba zinafunguka kwenda nje, kwa hiyo grili ikae ndani ya fremu na mkono wa kufungulia upite kati ya nondo. Jadilianeni na mtu wa aluminiamu na wa grili siku moja, wote wakiwa saiti.

MekoNaDohani

Nijibu la moto, kwa sababu sijaona mtu amelishika.

Meko ya tofali yenye uwazi wa sentimita 90 kwa 70 inahitaji dohani ambayo tundu lake ni angalau sehemu moja ya kumi ya uwazi huo. Uwazi ni sentimita za mraba 6,300, tundu liwe 630, yaani zaidi kidogo ya 25 kwa 25. Likiwa dogo zaidi moshi unarudi sebuleni. Dohani hilo pamoja na meko lina uzito wa zaidi ya tani moja, na wewe umeshamwaga jamvi la sentimita 10. Haliwezi kubeba. Litazama polepole, meko itajitenga na ukuta, na ufa utapanda hadi kwenye bati ambako maji yataingia. Ungetaka meko hiyo ilibidi uchimbe msingi wake peke yake kabla ya jamvi. Sasa hivi ni kukata jamvi mita 1.6 kwa 1 na kushuka hadi udongo mgumu. Inawezekana, lakini faida yake ni ndogo: meko ya wazi hupeleka joto jingi juu kwa dohani, kinachobaki chumbani ni kama asilimia 10 hadi 20.

Kwa hali yako ningeweka jiko la chuma la kuni lenye mlango wa kioo. Kwa kuni zile zile linabakiza chumbani zaidi ya nusu ya joto, uzito wake jamvi linaumudu, na bomba lake ni la sentimita 15. Likae ukuta wa mashariki karibu na kona ya kaskazini. Ukuta huo ni wa ndani, joto linalopenya linaingia chumba cha kulala badala ya kupotea nje. Sentimita 30 kutoka ukuta wa bloku, na sentimita 90 kutoka kwenye kitu chochote kinachoungua: kochi, zulia, pazia.

Pazia ndilo la kufikiria sasa hivi. Dirisha la mita 2.4 likikaa katikati ya ukuta wa mita 5 linabakiza mita 1.3 kila upande, na pazia likivutwa pembeni linafika karibu mno na jiko. Sogeza dirisha sentimita 40 kuelekea magharibi, libakize mita 1.7 upande wa jiko, na pazia lote livutwe upande wa magharibi. Kama jaribio la mti wa mita 5 linakutaka usogeze upande wa mashariki, basi jiko lihamie mahali pengine. Mlima na jiko visigombanie kona moja.

Kwenye dari, bomba la ukuta mmoja lisiwe chini ya sentimita 45 kutoka kwenye mbao. Kwa hiyo kuanzia silingi kwenda juu tumia bomba la kuta mbili lenye sufi ya kuzuia joto katikati, ambalo linaruhusu sentimita 5. Mwambie fundi kenchi aache nafasi ya sentimita 35 kati ya mbao mahali hapo. Ncha ya bomba ipite sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, mgongo wa paa ukiwemo. Fupi zaidi ya hapo upepo unaoshuka mlimani usiku utausukuma moshi ndani.

Na madirisha yakiwa yanafunga vizuri, jiko linakosa hewa. Toboa ukutani tundu la inchi 4 lenye wavu, karibu na jiko. Hili siyo la hiari. Na tafadhali sana, wote mnaosoma: jiko la mkaa lisiingizwe sebuleni wala chumbani likiwa limewashwa, hata kama limeshaiva na halitoi moshi. Mkaa ulioiva ndio unaotoa ile gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wakiwa wamelala. Kila msimu wa baridi watu wanakufa kwa hilo.

waya_2.5

TV, taa na nyaya, kwa ufupi.

TV isikae mkabala na dirisha la kaskazini wala mbele yake. Ukuta wa mashariki ndio wake, dirisha likiwa upande wa kushoto wa mtazamaji. Ukuta una mita 4.2, toa mita 1 ya njia ya korido upande wa kusini, zinabaki 3.2. Jiko na nafasi zake vinakula mita 1.4, TV ya inchi 65 ina upana wa mita 1.45. Inaingia. Umbali mzuri wa inchi 65 ni mita 3.3, kwa hiyo tawi fupi la kochi la L lianzie mita 1 kutoka ukuta wa magharibi, na tawi refu liipe mgongo ile njia ya mita 1 inayotoka mlangoni kwenda korido. Anayepita anapita nyuma ya makochi, hakatizi mbele ya TV. Nyuma ya tawi fupi panabaki mahali pa meza ndogo ya kusomea, chini ya lile dirisha jembamba.

Katikati ya kioo cha TV pawe mita 1.1 kutoka sakafuni. Watu huitundika juu kama picha ya ukutani, shingo zinauma wanalaumu kochi. Kutoka nyuma ya TV hadi kabati la chini laza bomba la milimita 40 kabla ya plasta. Bomba la kawaida la milimita 20 halipitishi kichwa cha waya wa HDMI, na hapo ndipo nyaya zinapoishia kuning'inia. Soketi mbili pacha nyuma ya TV, mbili kwenye kabati, na moja sakafuni au kwenye nguzo ya meza nyuma ya kochi. Soketi waya wa milimita 2.5, taa 1.5, na waya wa ardhi ufike kila soketi, usiishie kwenye mita.

Taa za darini sita za wati 7, zenye lumeni 600 hivi kila moja, zinatosha mita 21 za mraba. Ziwe na mwanga wa joto, 3,000 K. Gawa swichi mbili: nne na mbili. Taa ishirini na nne za kumetameta ni silingi yenye matundu ishirini na nne ya kupitisha vumbi la darini na baridi. Ukitaka ule mwanga wa kuzunguka pembeni, acha mlango mdogo wa kufikia kile kisanduku cha umeme wake, maana ndicho kinachokufa kwanza, na bila mlango utakata jipsamu.

Silingi yenyewe ikiwa mita 2.68, ile ngazi ya kushuka isizidi sentimita 15. Mbao zilizokauka, kila sentimita 40 kwa bodi za milimita 9. Mbao mbichi ndizo zinazopinda baada ya miezi michache na kufanya dari lionekane kama mawimbi, fundi anaambiwa jipsamu ni feki. Bodi za mita 1.2 kwa 2.4 nunua tisa.

KoziYaNne

Nimepata zaidi ya nilichotegemea, shukrani kwenu nyote. Nimeshampigia fundi, nimemwambia asiguse ukuta wa kaskazini mpaka tujaribu na mti Jumamosi asubuhi. La mwisho: marumaru au niru? Na chini ya bati niweke ile karatasi ya fedha?

Pasua_Moshi

Karatasi ya fedha weka, kwenu na kwetu. Kwenu Juni maji hujikusanya chini ya bati usiku na kudondokea jipsamu, yale madoa ya njano siyo kuvuja. Ilazwe kabla ya bati, ilegee kidogo kati ya papi na papi (mbao za kupigilia bati) ili pawe na nafasi ya hewa ya sentimita 3 chini ya bati, na ncha yake ya chini imwage nje ya fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa). Ikibanwa ikagusa bati haifanyi kazi.

fundi_wa_linta

Marumaru zisizong'aa, 60 kwa 60. Mita 21 pamoja na asilimia 10 ya kukata ni mita 23.1, boksi la vipande vinne lina mita 1.44, kwa hiyo boksi 17, zote za namba moja ya uzalishaji iliyoandikwa pembeni ya boksi. Acha milimita 6 kando ya kila ukuta, skatingi itafunika. Gundi ipakwe sakafuni yote kwa mwiko wa meno, siyo madonge matano, la sivyo zitalia tupu ukizigonga. Niru ni nzuri na bei yake ni ndogo, ila inahitaji fundi anayeijua kweli na jamvi ambalo halina nyufa. Lako lina miezi mingapi?

KoziYaNne

Lina miezi mitano, na nimeona ufa mmoja mwembamba kutoka mlangoni kuelekea katikati.

fundi_wa_linta

Basi marumaru. Chora mstari wa penseli kukatiza huo ufa leo, andika tarehe, na upime upana wake tena kabla ya kumwaga sakafu ya kusawazisha. Ukiongezeka, piga picha ulete hapa kabla hujanunua boksi hata moja.